Violeti ya Usambara kwenye bustani ya kivuli

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, njia ikishaingia msituni na hewa ikageuka kuwa ya ubaridi, mwombe mwongoza wageni akusimamishe penye kijito chenye mawe makubwa. Tazama ubavu wa jiwe usiofikiwa na jua. Utaona majani ya mviringo yenye manyoya kama sikio la mwanambuzi, yamelala bapa juu ya jiwe, na katikati yake vikonyo vyembamba vimebeba maua ya urujuani yenye vifuko viwili vya njano. Ukitafuta udongo huuoni. Kuna ule ukijani laini unaoota juu ya mawe mabichi, kuna majani makavu mawili matatu yaliyoozea kwenye ufa, basi. Maji yanapita, hayatuami.

Naanza na jiwe hilo kwa sababu karibu kila kosa linalofanyika katika kukuza ua hili linatokana na kulisahau. Watu hulipa udongo mzito, chungu kikubwa, jua kali na maji mengi, kwa mapenzi kabisa, na ua linakufa. Mimi mwenyewe niliua manne kabla ya kupata la kwanza lililodumu. Leo nina vyungu zaidi ya thelathini kwenye ua wa nyumba ya kawaida Tanga mjini, chini ya mwembe, mahali ambapo nyanya zilikataa kuzaa na waridi lilirefuka tu bila kutoa hata tumba. Kama una uwanja wa namna hiyo, ambao ukuta wa jirani umeziba jua na mti umefunika kila kitu, una nusu ya mahitaji tayari.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Violeti za Ulaya, ndugu wa pansi, ni jamii nyingine kabisa, na zinapenda baridi. Tunazo hata za porini kwetu. Viola abyssinica inaota kwenye misitu ya milima yetu mirefu. Hili la Usambara lilifananishwa nazo kwa sura tu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akiisimamia wilaya ya Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalipa jina Saintpaulia ionantha: la kwanza kwa heshima ya familia hiyo, la pili likiwa na maana ya lenye maua kama violeti. Baadaye kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles ikatoa aina kumi za kwanza za kuuza, na leo ziko maelfu duniani, nyeupe, waridi, nyekundu ya divai, zenye petali zilizokunjamana kama marinda ya kitambaa. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea waliliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo usishangae kukuta majina mawili. Wajerumani mpaka leo wanaliita Usambaraveilchen, violeti ya Usambara. Mimi pia naliita hivyo, na sioni sababu ya kulinyang'anya mlima wake.

Hatua ya kwanza: pata mmea, ila si kutoka msituni

Nasema hili mapema kwa sababu linaniuma. Mimea ya porini imejishikiza kwenye mawe machache, na baadhi ya aina zinajulikana sehemu ndogo mno. Ile ya Taita, Kenya, iko kwenye msitu wa Mbololo. Ukibandua mmea mmoja kwenye jiwe, ule ukijani ulioushikilia nao unabanduka, na jiwe linabaki uchi. Hifadhini ni kosa kisheria, na hata pasipo hifadhi ni hasara isiyo na faida, maana mmea uliozoea ukungu wa mlimani haukubali kirahisi maisha ya barazani mjini.

Za kukuzwa zinapatikana kwa wauza maua na kwenye vitalu vya mijini. Ukinunua, usichague lenye maua mengi zaidi. Chagua lenye matumba mengi ambayo bado hayajafunguka, na uchungulie moyo wa mmea, pale katikati majani machanga yanapotokea. Pawe pana kijani safi, pasiwe na unga mweupe wala majani yaliyojikunja na kubanana. Lakini njia bora kuliko zote ni jani moja kutoka kwa mtu unayemjua. Hilo nitalifikia.

Hatua ya pili: kivuli chenye nuru

Kivuli na giza ni vitu viwili. Violeti inataka mwangaza mwingi uliochujwa, saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, bila miale ya jua kuigusa saa za mchana. Namna ya kupima ni rahisi. Saa sita mchana, nyoosha kiganja chako juu ya mahali unapotaka kuweka chungu, kimo cha futi moja hivi. Ukiona kivuli cha vidole kimekatika wazi kama kimechorwa kwa kalamu, jua ni kali mno. Usipoona kivuli chochote, ni giza. Unachotaka ni kivuli cha kiganja kinachoonekana lakini kingo zake zimefifia.

Jua letu la huku karibu na Ikweta lina tabia ambayo miongozo iliyoandikwa Ulaya haiijui. Kwa Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri huwa limeelemea kusini. Miezi iliyobaki huelemea kaskazini. Ukuta uliokupa kivuli kizuri mwezi wa Julai unaweza kuwa ndio unaochomwa na jua mwezi wa Desemba. Niligundua hivyo baada ya safu nzima ya vyungu kubabuka katikati ya msimu wa kaskazi, mahali ambapo vilistawi miezi sita. Siku hizi nina mahali pawili, na navihamisha vyungu mara mbili kwa mwaka. Upande wa mashariki ndio usio na usumbufu: jua la asubuhi mpaka saa mbili unusu hivi halidhuru kitu, na baada ya hapo nyumba yenyewe inaweka kivuli.

Mti wa kuweka kivuli uwe na majani yanayopitisha vidoa vya mwanga. Mwembe uliozeeka na kushona kabisa hupunguzwa matawi mawili matatu ya chini. Usiviweke vyungu chini ya mti wakati unapodondosha utomvu au matunda, majani yenye manyoya hayapendi kunata. Asiye na mti atumie neti ya kivuli, ile nzito ya asilimia 80.

Mmea wenyewe utakuambia. Vikonyo vya majani vikirefuka na majani kusimama juu kama yanaomba, linataka mwanga zaidi. Majani yakijikunja kwa chini kuukumbatia mdomo wa chungu, yakapauka na kukakamaa, umezidisha. Likiwa na majani mazuri ya kijani kibichi na halitoi ua miezi minne mitano, sababu huwa ni mwanga mdogo; watu hukimbilia mbolea, na mbolea haifanyi kazi ya nuru.

Kuhusu joto, linafurahia nyuzi 18 hadi 27. Pwani tunavuka hapo, na linavumilia kama hewa inapita na halijabanwa kwenye kona ya ukuta wa saruji unaotoa joto usiku. Nairobi, Lushoto na Mbeya shida ni kinyume: Juni na Julai usiku unashuka mno. Miezi hiyo viingize ndani, usogeze vyungu mbali na kioo cha dirisha usiku.

Hatua ya tatu: udongo ambao si udongo

Udongo wa shambani, hata ule mweusi mzuri wa kupandia mchicha, unaua violeti. Unashikana, unafunga hewa, na mizizi ya ua hili ni myembamba kama nyuzi za pamba. Kumbuka ule ufa wa jiwe. Mchanganyiko wangu ni huu: makopo mawili ya vumbi la makumbi ya nazi, kopo moja la mboji ya majani iliyooza mpaka ikawa kama kahawa, na kopo moja la mkaa uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje za mahindi na kuchekechwa vumbi. Walio Arusha, Moshi au Naivasha wanaweza kuweka vijiwe vyepesi vya volkano badala ya mkaa. Ni bora zaidi. Wanaokaa karibu na mashine za mpunga, makapi yaliyounguzwa yakawa meusi bila kuwa majivu yanafaa pia.

Nataka niseme kwa kirefu kuhusu makumbi, maana hapo ndipo nilipopoteza mimea yangu miwili ya kwanza. Huku pwani makumbi mengi yamefukiwa kwenye matope ya bahari yaoze kabla ya kupigwa kutoa usumba. Vumbi lake linabaki na chumvi. Kwa macho huioni. Nilipanda, nikamwagilia, na baada ya wiki tatu kingo za majani zikawa za kahawia kama zimeunguzwa na pasi, kisha moyo ukasinyaa. Sasa nafanya hivi: naloweka vumbi kwenye ndoo ya maji ya mvua usiku mzima, nalikamua kwenye gunia, nalirudisha kwenye maji mapya, mara tatu. Maji ya kwanza yanatoka mekundu kama chai ya rangi. Ya tatu yakitoka na rangi hafifu, naonja tone kwa ncha ya ulimi. Nikihisi chumvi, naloweka mara ya nne.

Ukishachanganya, mwagia maji yanayochemka, funika kwa mfuko, uache upoe kabisa. Hilo linapunguza minyoo na mayai ya wadudu. Kisha jaza ngumi yako mchanganyiko ukiwa na unyevu na uminye: ukifungua kiganja, donge liachane lenyewe. Likishikana kama ugali, ongeza mkaa.

Hatua ya nne: chungu kidogo

Chungu kiwe na upana wa theluthi moja ya upana wa mmea. Mmea wenye majani yaliyosambaa sentimita 30 unakaa kwenye chungu cha sentimita 10, na kamwe hauhitaji zaidi. Kwenye chungu kikubwa mmea unahangaika kujaza mizizi na unasahau kuchanua, huku udongo usioguswa na mizizi ukibaki mbichi na kuoza. Makopo ya mtindi yaliyotobolewa matundu manne chini yananitosha kabisa. Vyungu vya udongo wa kuchoma vinapendeza, ila mdomo wake hunyonya chumvi za mbolea, na jani likiulalia kikonyo kinaoza; paka mdomo nta ya mshumaa.

Panda majani ya chini yakiwa usawa wa mdomo wa chungu. Usishindilie. Gonga chungu mezani mara mbili, udongo utajipanga wenyewe.

Hatua ya tano: maji

Hapa ndipo wengi wanapoagana na ua lao, kwa hiyo tusikimbie.

Porini mmea huu umeinama. Jiwe lina mteremko, na mvua ikinyesha, hata karibu milimita 2,000 za mwaka mzima pale Amani, maji yanateleza juu ya majani na kuondoka. Kwenye chungu tumeulaza sawasawa kama sahani, na moyo wake umekuwa bakuli. Maji yakikaa hapo usiku mmoja wa joto, asubuhi pamelegea. Siku ya tatu ukivuta majani yanatoka mkononi yote kwa pamoja. Kwa hiyo usimwagilie juu. Weka chungu kwenye kisahani chenye maji kina cha vidole viwili, subiri nusu saa, gusa udongo wa juu. Ukiwa umelowa, mwaga maji yaliyobaki. Mwaga kweli. Maji yaliyosahaulika kwenye visahani ndiyo yanayozalisha mbu wa dengi.

Lini? Si kwa siku za wiki, ni kwa kidole na kwa uzito. Gusa udongo: ukiwa mkavu juu kiasi cha pingili ya kidole, umefika wakati. Nyanyua chungu: ukishazoea, utaujua uzito wa chungu chenye kiu bila kugusa chochote. Masika mimi humaliza siku nane bila kumwagilia. Kaskazi ikivuma Januari na Februari, siku mbili tu.

Hili la kulegea liangalie vizuri. Mmea wenye kiu unalegea, na mmea uliooza mizizi kwa maji mengi nao unalegea vilevile, sura moja. Kabla hujamwaga maji, nyanyua chungu. Kikiwa kizito na majani yamelala, maji ndiyo ugonjwa wenyewe.

Maji yawe na uvuguvugu wa chumbani. Maji ya baridi yakidondokea jani lenye joto, yanaacha duara za rangi ya majani makavu ambazo hazitoki tena mpaka jani life. Na maji ya kwanza kutoka kwenye mpira uliolala juani yanaunguza. Yaache yapite kwanza. Maji ya mvua ndiyo bora. Visima vingi vya mijini pwani vina chumvi, na ukiona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu, ndiyo hiyo. Asiye na namna nyingine amwage kwa juu, kandokando ya chungu, maji safi mengi yatoke chini, mara moja kwa mwezi, kusafisha.

Mtu anayesafiri au mwenye kazi za kutwa atumie utambi. Chukua uzi wa nailoni wa kufumia, si wa pamba kwa sababu pamba inaoza, mnene kama utambi wa jiko la mafuta. Upitishe kwenye tundu la chini mpaka katikati ya udongo wakati wa kupanda, mwisho wa pili uning'inie kwenye kopo la maji lenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo. Chungu kinakaa juu ya mfuniko, kisiguse maji. Mfuniko ni wa lazima, kwa ajili ya wale wale mbu. Mmea unakunywa unavyotaka, wiki mbili bila wewe.

Hatua ya sita: kwenye mawe ya bustani yenyewe

Kama unakaa mahali pasipo na baridi kali, unaweza kutoka kwenye vyungu kabisa, na hapa ndipo ua linapokuwa zuri zaidi. Karibu na Tanga, na kule Kaloleni upande wa Kilifi, violeti za porini zinaishi kwenye mawe ya chokaa karibu na usawa wa bahari, kwenye joto lile lile tunaloishi sisi. Mimi nilikusanya mawe ya matumbawe kutoka kwenye ukuta wa zamani uliobomolewa, yaliyonyeshewa miaka mingi mpaka chumvi imetoka, nikayapanga ngazi tatu chini ya mwembe, upande unaotazama ukuta. Katika kila ufa nikaweka kiganja cha mchanganyiko ule ule, nikaingiza mche mdogo, si mmea mkubwa, nikiulaza kwa ubavu ili moyo utazame nje na si juu. Ukiinama mvua inateleza.

Miezi miwili ya kwanza nyunyizia mawe, usinyunyizie majani. Jiwe likishika ule ukijani wake, mmea umeshika pia. Adui mkubwa hapa ni konokono. Wanakuja usiku, wanakula majani machanga ya katikati. Hakuna dawa inayoshinda kwenda na tochi saa mbili usiku baada ya mvua na kuwaokota. Juu ya ngazi hizo nimefunga kipande cha neti, si kwa ajili ya jua, ni kuzuia matone makubwa ya mwembe ambayo yanachimba udongo na kuutupia kwenye moyo wa mmea.

Mbolea

Kidogo sana. Robo kijiko cha chai cha mbolea ya majimaji yenye namba tatu zilizo sawa, kwenye lita 4 za maji, kila baada ya kumwagilia mara mbili. Epuka urea, inaunguza mizizi hii. Mmea uliotoka kuhamishwa au unaoumwa usilishwe kitu mpaka utoe jani jipya.

Jani moja, mmea mpya

Ua la violeti halina asali. Lina chavua tu, imefungiwa kwenye vile vifuko vya njano, na nyuki lazima atetemeshe kifuko ndipo itoke. Barazani nyuki hao ni nadra, mbegu hupati. Mmea unaongezwa kwa jani.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa mtaani kwetu, Msambaa, aliyefanya kazi ya bustani Lushoto ujana wake wote kabla ya kuhamia kwa binti yake. Alinikuta nimeshika kisu cha jikoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unachinja?"

Akaniagiza wembe mpya. Akaugeuza mmea taratibu kwenye mwanga, akipita majani kwa ncha ya kidole kama anayehesabu. "La chini usichukue, limeshazeeka. La juu usichukue, bado linanyonya. Chukua la katikati." Akalikata kikonyo kikiwa na urefu wa pingili moja ya kidole gumba, kwa mshazari, mkato ukitazama juu. Ukatoka unyevu kidogo, ukang'aa. Akaliweka jani kwenye kisahani tukanywa chai, dakika ishirini hivi, mpaka mkato ukakauka. Kisha akachoma tundu kwenye kopo la udongo kwa kijiti cha kiberiti na kuingiza kikonyo, kidogo tu, chini ya sentimita mbili. Mimi nikataka kulididimiza zaidi lisianguke. Akaushika mkono wangu. "Usilizike. Lisimamishe tu."

Kwa kuwa lilikuwa zito na linaelemea, alilikata nusu ya juu kwa wembe, moja kwa moja kama anakata mkate, akaliegemeza kwenye kijiti. Nilidhani ameliharibu. Kumbe jani lililokatwa juu linaacha kujikuza lenyewe na linapeleka nguvu chini.

Funika kopo kwa mfuko unaoonyesha, uliotobolewa matundu mawili, liweke kwenye kivuli chenye nuru. Wiki tatu hadi nne linashika mizizi: ukilivuta kidogo linagoma. Vichipukizi vidogo kama masikio ya panya vinachomoza kati ya wiki ya sita na ya kumi, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo usichimbue kutazama. Vikifikia theluthi ya jani mama, mwaga kopo lote, vitenganishe kwa vidole, kila kimoja na mizizi yake, panda kwenye vikopo vidogo. Jani moja likishika vizuri linatoa miche mitatu, minne. Maua ni miezi sita hadi tisa tangu siku ya kukata.

Tahadhari moja: aina zenye petali za mistari inayotoka katikati kwenda nje kama spoku za baiskeli hazirudi vilevile kwa jani. Watoto watatoa maua ya rangi moja. Hizo zinaongezwa kwa machipukizi ya pembeni.

Kulitunza lisizeeke

Ondoa maua yaliyonyauka pamoja na vikonyo vyake. Machipukizi yanayotokea kwapani mwa majani yang'oe yakiwa madogo, kwa ncha ya kijiti, la sivyo mmea unakuwa vichwa vitatu na hauchanui hata kimoja. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi, ukielekea ncha ya jani, si kwa kitambaa kibichi.

Kila mwaka majani ya chini yanakufa na mmea unabaki na shingo ndefu kama mpapai. Usiutupe. Ng'oa majani yote yaliyochakaa, ukwangue shingo taratibu kwa mgongo wa kisu, kata kipande cha chini cha mizizi urefu sawa na shingo, kisha uushushe kwenye chungu kile kile mpaka majani yaguse udongo. Shingo itatoa mizizi mipya. Mmea mmoja unaweza kufanyiwa hivyo mwaka baada ya mwaka.

Ukiona pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani, hao ni vidung'ata; waguse mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa spiriti, rudia kila siku ya tano mpaka waishe. Unga mweupe juu ya maua na majani ni ubwiriunga, unaletwa na hewa iliyotuama. Tenganisha vyungu, toa sehemu zilizoshikwa. Moyo ukikakamaa, majani machanga yakawa madogo, yamekunjamana na magumu, ni utitiri usioonekana kwa macho. Huo mmea utoe nje leo hii, uuchome, na unawe mikono kabla ya kugusa mwingine. Nimewahi kumhurumia mmoja na nikapoteza kumi na mmoja.

Kumtumia mtu jani

Kata jani la katikati kama bibi alivyofanya, lakini kikonyo ukiache kirefu. Zungushia ncha pamba iliyolowa na kukamuliwa, kisha karatasi ya nailoni ifungwe kwa uzi. Jani lenyewe liwe kavu. Lilaze kwenye kopo gumu la plastiki, ujaze karatasi laini lisitikisike, uandike juu rangi ya ua na tarehe. Kwa basi linafika Mwanza au Mombasa likiwa zima, na siku tatu nne si tatizo. Mpokeaji akate ncha upya kwa wembe, aache ikauke kidogo, apande siku hiyo hiyo. Nilipeleka manne Machi iliyopita. Matatu yalishika, na moja, la buluu, limeanza kutoa tumba.